Vipimo Kwanza, Daftari Baadaye

Mabibi na mabwana, neno hili nimelisema katika mabaraza mengi, na leo nalirudia kwa sababu bado watu wananijia na daftari la mapishi lenye jalada gumu, vitafunio huku na vitoweo kule, lakini ndani yake mmeandikwa "unga kiasi, sukari kiasi, tui la kutosha". Daftari hilo ni safi, ila hakuna awezaye kulipikia.

Chukueni mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui zito, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha rojo huachwa liumuke kabla ya kumiminwa katika sufuria. Haya kila nyumba ya pwani inayajua. Sasa mtu ananiandikia: "Mchele vikombe viwili, tui la nazi mbili." Kikombe kipi? Cha kahawa, cha bati cha chai, au kopo la maziwa lililobaki jikoni tangu enzi za bibi? Na nazi ipi? Nazi kubwa na nazi ndogo hazitoi tui sawa, wala tui la kwanza si tui la pili. Tui likizidi kidogo, mkate unashikana katikati, na lawama zote zinamwangukia muuza hamira.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba bibi yake hapimi, mkono wake ndio mizani. Vyema, hakuna aliyemwomba bibi apime. Pima wewe bakuli la mchele kabla hajachota, mwache achote anavyojua, kisha pima tena bakuli lile: kilichopungua ndicho kipimo chake. Tui lipite kwanza katika jagi lenye alama za mililita. Siku nyingine akipika, rudia, na uandike namba zote mbili, kwa kuwa hata mkono wa bibi hupishana. Kisha tazama jinsi rojo linavyodondoka kutoka kwenye upawa, ukaandike hilo kwa maneno, maana gramu hazilielezi. Ikiwa yeye alikuwa akiumulia kwa tembo la mnazi na wewe unatumia hamira, andika yote mawili, usimsahihishe.

Mkikuta karatasi ya zamani inayotaja pishi, kile kipimo cha nafaka cha zamani, pishi moja ni vibaba vinne. Kama kibaba chenyewe bado kipo nyumbani, kijazeni mchele mkipime, wala msikisie. Na karatasi hiyo msiitupe hata baada ya kuinakili.

Kuhusu mpangilio nitasema kwa haraka, kwani muda umenitupa mkono. Chakula kimoja kikae katika karatasi moja, juu yake jina la aliyekupa na tarehe. Pangeni kwa wakati wa kuliwa, yaani futari, harusi, chai ya asubuhi, badala ya kufuata alfabeti, kwa sababu sijapata kumwona mtu akiingia jikoni kutafuta herufi ya K. Ujumbe wa sauti wa shangazi uliomo katika WhatsApp uandikwe wiki hiyohiyo, kabla simu haijatumbukia majini, na nakala ya pili ikae katika nyumba nyingine.

Nilikusudia kuingia katika achari, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali juu ya achari wanione nje, na waje na vipimo.