Herufi za Brashi: Zinakofaa na Zinakoharibu

Asanteni, walio nyuma vuteni viti mbele kidogo muone skrini. Neno ni moja tu, "Karibu", kwa fonti iitwayo Brush Script. Aliichora Robert E. Smith, na kampuni ya American Type Founders ikaitoa huko Marekani mwaka 1942, enzi ambazo herufi za kuchapia zilikuwa vipande vya madini ya risasi. Tazameni: zimelala kulia, zimebanana, na mkia wa kila herufi ndogo unaishia pale pale inapoanzia inayofuata. Kazi iko hapo. Ilibidi r ipokewe vizuri na i, na a, na u, wakati mchoraji hajui mchapaji atapanga neno gani.

Angalieni na unene. Brashi ikishuka, fundi anaikandamiza na mstari unanenepa; ikipanda anailegeza, unakonda. Kwa hiyo msichukue fonti iliyosimama mkailaza kwa kompyuta mkadhani ni kitu kile kile. Mtapata herufi zilizosukumwa na upepo.

Inafaa wapi? Jina la mgahawa, flana za timu, pakiti ya sabuni, kichwa cha bango la muziki. Maneno mawili matatu, makubwa. Wembamba wake unatufaa sisi wenye maneno marefu; "Vinywaji Baridi" inaenea kwenye kibao chembamba. Bei, namba ya simu, maelekezo ya dawa, hapana: ukirudi nyuma hatua chache, matumbo ya e na a yanaziba. Na neno zima kwa herufi kubwa, nawasihi, acheni. Herufi kubwa hizi zilichorwa zianzishe neno. Zikipangwa zenyewe kwa zenyewe hazishikani. Kadi za harusi zimejaa jambo hili, wenye kadi mtanisamehe.

Tatizo letu hasa ni a. Andika "Tamasha la Taarab": a ndogo saba, zote pacha. Fundi wa brashi hawezi kurudia a ile ile hata akitaka, na jicho linalijua hilo. Zinapofuatana mbili, kama kwenye "Taarab", uongo unajianika. Fonti za OpenType, aina ya faili za fonti za kompyuta, zinaweza kubeba maumbo kadhaa ya herufi moja na kuyabadilisha zenyewe, basi kabla ya kununua jaribu "baba" na "kaka". Zisipobadilika, geuza neno kuwa mchoro, kisha mkia wa a moja urefushe, wa nyingine upunguze.

Mwisho, wenye kutengeneza vibao vya bucha. Kompyuta mara nyingi huweka ritifaa ya "ng'ombe" kama kijiti kilichosimama wima, tena ikiacha pengo kati ya g na o. Neno linakatika vipande viwili. Wekeni ritifaa yenye mkunjo, ipandisheni juu ya g, halafu isogezeni o mpaka iguse mkia.