Kubadilisha pikapu ya briji kwenye gitaa la Strat, mwanzo mpaka mwisho

Haya wadau, leo tunafungua gitaa. Hili hapa mezani ni kopi ya Strat, ile shepu Fender waliitoa 1954 na mpaka leo kila kiwanda kinaiiga, ina pikapu 3 za koili moja, yaani vile vidude vya sumaku na waya uliozungushwa vinavyodaka sauti chini ya nyuzi, na leo natoa ya briji peke yake, ile iliyo karibu na pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, hizo mbili zingine sizigusi. Ya briji ndo inayolalamikiwa sana kwenye magitaa ya bei ya chini, mtu anataka kupiga sebene sauti ing'are, badala ya kung'ara inachoma masikio, haina nyama kabisa.

Ila kabla hujatoa hela yako ngoja nikuambie kitu. Chomeka waya, tikisa tikisa pale kwenye jeki, ikilia kra kra shida ni jeki, sio pikapu. Nyuzi zikiwa na kutu badilisha nyuzi kwanza. Halafu chukua bisibisi ushushe hiyo pikapu unayoichukia milimita moja hivi, piga tena. Ikikupendeza funga video, kapige muziki, hela ya pikapu nunua amplifaya nzuri.

Bado upo? Sawa. Unahitaji bisibisi ya nyota, mita ya umeme hata ile ya bei rahisi, kikatio cha waya, kipande cha msasa, na pasi ya kuchomelea ya wati 40. Ya wati 25 itakusumbua kwenye mgongo wa poti, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha volyumu, pale ni chuma kinene kinakunywa moto wote halafu unabaki umeganda na pasi dakika nzima mpaka poti inaungua ndani. Risasi tumia ile ya fundi redio yenye dawa yake ndani. Ile asidi ya mafundi bati usiilete hapa jamani, inakula waya taratibu na baada ya muda gitaa linakata sauti hujui kwa nini.

Kwenye kununua angalia kitu kimoja ambacho wengi hawaulizi, nafasi ya vile vichwa 6 vya sumaku. Kuna pikapu za briji zimepanuliwa zinafika milimita 52 kutoka kichwa cha kwanza mpaka cha sita, zingine ni 50. Kava yako ya zamani ikiwa ya 50 haitaingia kwenye ya 52, kwa hiyo hakikisha mpya inakuja na kava yake.

Tunaanza. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa zamu, usikate uzi ukiwa umevutwa, maana nyuzi 6 za unene wa namba 10 zikiwa zimetyuniwa zinavuta zaidi ya kilo 40 kwa pamoja, ukiziachia ghafla briji inarudi nyuma kwa kishindo. Toa nyuzi. Sasa skurubu za pikigadi, lile bamba la plastiki lililobeba pikapu, hapa ziko 11, weka kwenye kisahani zisipotee. Inua pikigadi taratibu, upande huu, ona, kuna waya unaingia kwenye tundu kuelekea kwenye springi za nyuma, huo ni waya wa ethi wa briji. Ukivuta kwa nguvu utang'oka na umeongeza kazi. Geuza pikigadi ilale juu ya kitambaa, piga picha 2 au 3 za karibu kwa simu. Usiseme utakumbuka.

Sogea na kamera hapa. Kutoka kwenye pikapu ya briji zinatoka nyaya 2, mweupe unaenda kwenye swichi ya kuchagua pikapu, huo ndo unabeba sauti, mweusi unaenda mgongoni kwa poti ya volyumu, huo ethi. Gitaa lako linaweza kuwa na rangi zingine kabisa kwa hiyo usifuate rangi, fuata waya kwa kidole mpaka unapoishia. Gusa na ncha ya pasi, risasi ikiyeyuka vuta waya, umetoka. Pale kwenye swichi sekunde 2 tu maana mwili wake ni plastiki. Sasa legeza skurubu 2 za pikapu, na shikilia kwa kidole kwa chini, kuna springi ndogo au kimpira pale na ikiruka utaitafuta chini ya kabati.

Sasa hapa ndo panapowashinda wengi, na ni dakika chache tu. Pikapu ya zamani iko mkononi, mpya iko mkononi, usiharakishe kuchomelea. Weka mita kwenye kilo-om 20, waya mwekundu wa mita kwenye waya wa sauti, mweusi kwenye ethi. Hii ya zamani inasoma 5.8, mpya inasoma 6.4, zote nzima. Ikisoma 1 tupu au OL, koili imekatika, rudisha dukani kabla hujaigusa na pasi. Sasa mita ikiwa bado imeshika, chukua bisibisi ya chuma uiteremshe haraka juu ya vichwa vya sumaku, gusa taratibu. Namba inaruka kidogo, ama juu ama chini. Fanya hivyo kwenye ya zamani, angalia inarukia wapi, halafu fanya kwenye mpya. Zikiruka upande mmoja, safi, chomelea kama picha inavyoonyesha. Zikipishana, basi nyaya za pikapu mpya utazibadilisha nafasi, ule ulioitwa wa sauti unakuwa ethi na wa ethi unakuwa wa sauti.

Jingine, zielekeze nyuso kwa nyuso, vichwa kwa vichwa, uzisogeze polepole. Zikisukumana maana yake sumaku zimeelekea upande mmoja, hiyo ndo tunaitaka. Zikivutana kumbuka hilo, tutarudi kwake. Na usiziache zigongane, waya wa koili una milimita 0.06 hivi, mwembamba kuliko unywele wako, ukikatika hapo umeua pikapu ya leo leo.

Funga mpya kwenye pikigadi, springi zirudi mahali pake. Kwa mgongo wa poti, usirundike risasi mpya juu ya ya zamani iliyochakaa, sugua kidogo na msasa pang'ae, pasha chuma chenyewe sekunde 3 au 4 ndo ulete risasi, iyeyuke itandae ing'ae kama maji, weka waya, toa pasi, usitingishe mpaka igande. Ikiganda ikawa kijivu imekunjamana kama uji uliolala, haijashika, pasha tena. Waya wa sauti kwenye swichi, pale pale ulipotoa wa zamani, umemaliza.

Usifunge bado! Chomeka kwenye amplifaya, volyumu chini, swichi upande wa briji, gonga vichwa vya pikapu mpya na bisibisi. Tok tok inasikika kwa nguvu? Peleka swichi upande wa shingo, gonga tena ile ile ya briji, inatakiwa iwe karibu kimya. Kama iko hivyo rudisha skurubu, nyuzi, tyuni.

Sasa kimo, na mimi nakwambia nusu ya sauti uliyoilipia iko hapa, kuna watu wanasema pikapu mpya mbaya kumbe wameipandisha mpaka inakaribia kugusa nyuzi. Bonyeza uzi mnene kwenye fleti ya mwisho kabisa, vile vijichuma vya kwenye shingo ya gitaa, pima kati ya chini ya uzi na kichwa cha sumaku. Anzia milimita 2.4 uzi mnene, 2 uzi mwembamba. Huna rula ndogo? Kadi ya benki tambarare ina milimita 0.76, panga 3 umepata karibu 2.3. Ukipandisha sana sumaku inavuta uzi, noti nene inayumba yumba kama haijatyuniwa na hutaipata hata ukirekebisha briji siku nzima. Geuza skurubu nusu mzunguko, piga, sikiliza, ukilinganisha na pikapu ya kati, briji isiizidi wala isizidiwe sana.

Mwisho weka swichi namba 2, briji na kati pamoja. Sauti ikiwa nyembamba, ya puani, kama redio iliyoko ndani ya ndoo, waya zako zimepishana, fungua ubadilishe zile 2 za pikapu mpya tu. Ikiwa sauti iko sawa ila ule mvumo wa umeme ambao zamani ulikuwa unatulia hapo namba 2 sasa hautulii, basi ni zile sumaku zilizovutana tulipozielekeza nyuso kwa nyuso, pikapu yako haiendani na ya kati. Hapo kuchomelea hakusaidii, muombe mwenye duka akubadilishie nyingine yenye sumaku upande wa pili, akikataa piga hivyo hivyo, bendi nzima ikishaanza mvumo huo hausikiki.