Leseni Hutolewa Makao Makuu, Mashine Hukaa Kijijini: Nani Mwenye Kauli?

Mhadhara kwa madiwani, wenyeviti wa vijiji na mitaa, na watendaji wa kata, Mtwara

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti, watendaji, wazee wetu na ndugu zangu wote, asalaam alaykum na habari za asubuhi.

Swali linaloulizwa kwenye mikutano ya vijiji, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Ruangwa na Nachingwea, ni moja: tukikaa tukakubaliana kwamba hatuzitaki mashine za dubwi, yaani zile za kamari zinazochezwa kwa sarafu, kijijini kwetu, tunaweza kuzikataa? Nitajibu kabla sijaeleza. Kuzipiga marufuku kwa kauli ya kijiji peke yake, hapana. Kuzibana zisiwe mlangoni mwa shule, zisiguswe na watoto, zisichezwe usiku wa manane, ndiyo, na tena kwa nguvu kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ila hatua zifuatwe. Nyingi ya jitihada hizi hufa kwa sababu karatasi hazikukaa sawa, hata pale wananchi walipokuwa na haki.

Tuanze na mamlaka. Michezo ya kubahatisha Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Kasino, maduka ya kubeti, mashine za sloti, bahati nasibu za simu, vyote leseni yake hutoka kwenye Bodi. Tangu mwaka 2017 kodi ya michezo hii inakusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kwenda serikali kuu. Mkutano mkuu wa kijiji hauna kura ya turufu katika utoaji wa leseni. Kwa hiyo hasara ya kijana aliyemaliza hela ya korosho inabaki kwenu, na kodi inapanda juu. Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa somo hilo. Mjadala wa mwaka 2018, kama tozo ya korosho inayouzwa nje ibaki kwenye zao au yote iende serikali kuu, wanaukumbuka.

Upande wa pili kuna Katiba. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na Ibara ya 145 inataja vyombo hivyo katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Sikilizeni vizuri: kijiji kimetajwa, mtaa haukutajwa. Nitarudi hapo, kwa sababu tofauti hiyo inawagusa moja kwa moja wenyeviti wa Mtwara-Mikindani na Lindi mjini.

Kabla ya sheria, tuiangalie mashine yenyewe, kwa sababu mtu asiyejua inavyokula fedha hawezi kuieleza mbele ya mkutano. Ni sanduku la chuma lenye tundu la sarafu ya shilingi 200, mara nyingi limekaa pembeni mwa duka la rejareja au kwenye baa. Mwenye duka kwa kawaida si mwenye mashine. Yeye hupewa fungu lake, na mwenye ufunguo hupita kukusanya sarafu. Tuchukue mfano wa mashine iliyopangwa kurudisha shilingi 80 katika kila 100. Kijana anasikia hivyo anaona si mbaya, atapoteza 20 tu. Hesabu haiendi hivyo, kwa sababu anachorudishiwa anakichezea tena. Shilingi 10,000 ikizunguka mara ya kwanza inabaki 8,000, ya pili 6,400, ya tatu 5,120, ya nne 4,096. Mizunguko minne, zaidi ya nusu imekwenda, na njiani ameshinda mara nyingi ndogondogo zilizomfanya asiinuke. Akicheza kila sekunde 10 ni mara 360 kwa saa, yaani anaweka shilingi 72,000 kwa saa moja, na wastani wa hasara yake ni 14,400.

Mkeka, yaani tiketi moja ya kubashiri mechi nyingi kwa pamoja, nao una hesabu yake. Mechi 10, kila moja odi 1.5 (dau huzidishwa kwa namba hiyo ukishinda), na zote zikitoka malipo ni kama mara 57.7 ya dau. Tuseme kila timu ina nafasi ya kushinda ya asilimia 63, maana kampuni imeshakata faida yake ndani ya odi. Nafasi ya zote 10 kutoka ni chini kidogo ya moja kwa mia. Kwa hiyo shilingi 1,000 ya mkeka huo thamani yake halisi ni kama 570. Kila mechi inayoongezwa inaongeza makato, na ndiyo maana mikeka mirefu hutangazwa kwa bonasi kubwa. Watu wanasema mkeka umechanika kwa mechi moja. Kimahesabu ulikuwa umechanika tangu ulipoandikwa.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), na mzunguko wa fedha vijijini unabadilika ndani ya wiki chache. Anayezungusha mashine anajua kalenda hiyo kama mnavyoijua nyinyi. Aliyeliwa usiku na hataki nyumbani wajue, asubuhi anatafuta hela ya haraka, na hela ya haraka ya huku ni kangomba: korosho inauzwa kwa bei ya kutupa kabla haijafika ghalani. Kwa hiyo mkisimama kuzungumzia kangomba, zungumzieni na dubwi, maana moja huingiza watu kwenye jingine.

Hatua zenyewe, basi. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya ikaidhinishwe. Bila idhini hiyo ni azimio la kijiji tu, na mtu hawezi kutozwa faini kwa azimio. Sheria ndogo ya Halmashauri yenyewe huanza kwa tangazo la kusudio ili wananchi watoe maoni au mapingamizi, inapita Baraza la Madiwani, inaidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Mtaa hauna uwezo huo. Mwenyekiti wa mtaa katika Manispaa anapaswa kupeleka hoja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aibebe mpaka barazani. Akiandika "sheria ndogo ya mtaa" na kubandika kwenye nguzo, amewapa wenye mashine kesi nyepesi.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye maneno ya rasimu. Watu wakiwa na hasira huandika: "Ni marufuku michezo yote ya kubahatisha ndani ya kijiji." Sentensi hiyo inaanguka mahakamani, kwa sababu sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Bunge limeshasema mchezo wenye leseni ni halali. Sheria ndogo inayosimama ni ile inayoratibu tabia na mahali: "Mwenye duka hataruhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza, kutazama au kusimama karibu na mashine ya michezo ya kubahatisha iliyo ndani ya eneo lake." Hiyo inaunga mkono sheria mama, ambayo nayo inakataza walio chini ya miaka 18. Vivyo hivyo saa za kuchezesha, umbali kutoka lango la shule na nyumba za ibada, na kwamba mashine isikae mahali watoto wanapotumwa sembe na mafuta ya taa. Umbali uandikwe kwa mita, na pa kuanzia kupima patajwe, ama ukuta ama lango. Msipofanya hivyo, siku ya kesi kila upande utakuja na kamba yake.

Kuhusu muhtasari, hapa naomba watendaji wanivumilie. Muhtasari usio na orodha ya mahudhurio yenye majina na saini, usioonyesha akidi, tarehe, ajenda iliyotangazwa mapema na idadi ya waliokubali na waliokataa, ni karatasi tupu. Ajenda ya sheria ndogo isiingizwe kwenye "mengineyo". Itangazwe peke yake. Na faini ikitozwa, itozwe kwa kiwango kisichozidi kile kinachoruhusiwa na sheria, mwanasheria wa Halmashauri athibitishe, na kila shilingi itolewe risiti ya kielektroniki. Mgambo akianza kupokea faini mkononi, wiki mbili haziishi, faini imekuwa kodi ya ulinzi na mashine zimeongezeka.

Kuna jambo linalofanywa kwa nia njema na kuharibu kila kitu: kubeba mashine na kuzivunja. Mashine ni mali ya mtu. Kama ina leseni, mmetenda kosa. Kama haina, mmeharibu kidhibiti. Ukaguzi sahihi hauna fujo. Mtendaji na mwenyekiti wanafika mchana, wanaandika jina la duka, tarehe, saa, namba ya usajili na stika iliyoko kwenye mashine, jina la kampuni, wanapiga picha, wanaondoka bila kugusa sarafu. Mashine isiyo na utambulisho wa Bodi inaripotiwa polisi na kwa Bodi kwa barua, nakala kwa Mkurugenzi. Barua kumi zenye namba za mashine zina uzito kuliko mkutano wa hadhara wenye watu mia tano wanaopiga kelele.

Nguvu nyingine mnazo tayari na hamzitumii. Afisa biashara wa Halmashauri ndiye anayeshughulikia leseni ya duka la rejareja ambamo mashine imewekwa, na duka lililopewa leseni ya kuuza vyakula linaweza kuulizwa linafanya nini kingine. Baa ina leseni ya vileo yenye saa zake, na leseni hiyo inahuishwa mara kwa mara. Malalamiko yapelekwe kabla ya kuhuishwa, si baada. Na mjini, nyumba ya makazi iliyogeuzwa duka la kubeti bila kibali cha kubadili matumizi inagusa Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, ambayo Halmashauri ndiyo mamlaka yake ya upangaji.

Wenzetu wamefanyaje? Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika Jedwali la Nne iliweka kamari na kasino miongoni mwa kazi za kaunti, na serikali ya kitaifa ikabaki na kamari ya kiwango cha taifa. Uingereza, kwa Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, leseni ya kampuni hutolewa na tume ya taifa, lakini leseni ya jengo hutolewa na halmashauri ya mahali. Hata hivyo mwaka 2013 halmashauri ya Newham, London, ilikataa duka la kubeti, kampuni ikakata rufaa, na mahakama ikaipa kampuni ushindi kwa sababu ushahidi wa madhara haukutosha. Newham haikukata tamaa. Iliongoza halmashauri nyingine nyingi kuibana serikali kuu, na Aprili 2019 dau la juu la mashine za kamari zilizomo kwenye maduka ya kubeti likashushwa kutoka pauni 100 hadi pauni 2. Jimbo la Illinois, Marekani, liliruhusu mashine za kamari za video mwaka 2009 na kuziachia manispaa haki ya kuzikataa, huku zinazozikubali zikipata asilimia 5 ya mapato halisi.

Hili la Illinois la kugawana mapato ndilo ambalo wengi hapa watalipenda, na mimi nalipinga waziwazi. Halmashauri ikishaweka hela ya dubwi kwenye bajeti ya zahanati, siku wananchi wakisema hawaitaki, mkurugenzi atauliza zahanati itaendeshwa na nini. Haki ya kukataa inanunuliwa kwa bei ndogo sana. Tunachopaswa kudai kwa wabunge wetu ni marekebisho ya Sura ya 41: mashine isiwekwe kijijini wala kwenye kata bila ridhaa ya maandishi ya mkutano mkuu au Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ridhaa hiyo iwe na muda maalumu.

Kwa haki niseme pia mahali serikali kuu ina hoja. Mchezo wa kwenye simu haupiti kijijini. Unapita kwenye mtandao wa simu na hela za simu, na hakuna sheria ndogo ya Kitangari wala Mnazi Mmoja itakayouzuia. Huko tunaihitaji Bodi yenye nguvu, yenye mafundi wa kukagua programu na uwezo wa kuibana kampuni iliyoko mbali. Mahali pabaki mikononi mwa wananchi, mtandao ubaki mikononi mwa taifa.

Kwa wanaotaka kuanza, muda ni mfupi kuliko unavyoonekana. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na baada yake bado kuna safari ya idhini Halmashauri. Rasimu itakayofanya kazi minada ikifunguliwa Oktoba inatakiwa iwe mbele ya wananchi kabla ya mwisho wa Juni. Muhtasari uandikwe nakala nne: moja kwa Mkurugenzi, moja kwa diwani, moja kwa mtendaji wa kata, na ya nne ifungiwe ofisini kwa kijiji, kwa sababu watendaji huhamishwa na majalada hupotea.