Tarakimu ya Pili Kutoka Kushoto: Heksa kwa Fundi wa Mtandao

MASANJA: Karibuni tena, tuko Kirumba hapa Mwanza. Leo ni heksa, namba za msingi wa 16, zile za 0 mpaka 9 halafu A mpaka F, A ikiwa 10 na F 15. Tuanze na kero ya wenye lodge na wauza vocha za waifai, kuanzia Nyegezi hadi Igoma: mteja kanunua vocha ya wiki, kesho yake ruta haimtambui.

NEEMA: Kabla hujampigia mtoa huduma, fungua orodha ya waliounganishwa, tafuta anwani ya MAC ya hiyo simu, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Ina tarakimu 12 za heksa. Wewe tazama ya pili kutoka kushoto, basi. Ukikuta 2, 6, A au E, hiyo anwani simu imejitungia, haikutoka nayo kiwandani.

MASANJA: Kwa nini hizo nne, dada Neema?

NEEMA: Tarakimu moja ya heksa ni biti nne kamili: ya 8, ya 4, ya 2 na ya 1. Kwenye hiyo ya pili, biti ya 2 ikiwaka, anwani imetungwa hapohapo. Biti ya 1 ikiwaka, ni ya kundi, si ya kifaa kimoja. A ni 8 na 2. E ni 8, 4 na 2. Sasa chukua 4C: C ni 8 na 4, biti ya 2 imezimwa, kwa hiyo ni ya kiwandani, na tarakimu sita za mwanzo unaweza kuzitumia kumtafuta mtengenezaji. Andika 76, yaani 4C kwa namba za kawaida, uone kama utagundua chochote kwa macho.

MASANJA: Na Android kuanzia toleo la 10, iPhone kuanzia iOS 14, hujitungia anwani zenyewe bila mwenye simu kubonyeza kitu.

NEEMA: Tena kwa kawaida kila jina la waifai lina anwani yake. Mteja akihamia jina la pili la lodge ileile, au akizima anwani ya faragha, ruta inaona simu ngeni. Ukifunga vocha kwenye MAC umejitafutia ugomvi mapokezi. Ifunge kwenye namba ya vocha, ruhusu kifaa kimoja kwa wakati, na uweke muda mfupi wa kumtoa aliyenyamaza. Usipouweka, kikao cha zamani kitamzuia mtu huyohuyo kurudi.

MASANJA: Angalizo moja: ruta inayorusha majina mawili ya waifai mara nyingi hutunga MAC kwa lile la pili. 4C inakuwa 4E. Msiifungie mkidhani ni mvamizi.

NEEMA: Haya, pakiti zenyewe, vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni. Kwenye ruta ya Linux andika `tcpdump -nn -x -c 5 udp port 53`, ikuonyeshe pakiti tano kwa heksa. Pakiti ya IPv4 mara nyingi inaanza na 45. Hiyo 4 ni toleo. 5 ni urefu wa kichwa, maneno matano ya baiti nne, yaani baiti 20. Namba mbili ndani ya baiti moja, kila moja na tarakimu yake. Ukiigeuza 45 kuwa 69 ya kawaida umezichanganya zote mbili.

MASANJA: Halafu ukihesabu mpaka baiti ya tisa na ya kumi unakuta 40 11. Hapo wengi wanateleza.

NEEMA: Wanasoma arobaini na kumi na moja. 40 ni 64, ule uhai wa pakiti. 11 ni 17, namba ya UDP, mojawapo ya njia za kusafirisha data. Njia nyingine, TCP, ingekuwa 06. Mbele kidogo ukiona c0 a8 58 01, hiyo ni 192.168.88.1, anwani ambayo ruta za MikroTik hutoka nayo kiwandani. Bandari 00 35? Tatu mara 16, ongeza tano: 53, DNS, huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

MASANJA: Kwa IPv6 sasa, zile anwani ndefu za heksa. Tuseme chuo kina matawi Mwanza, Sengerema, Geita na Nansio, na kimepewa /48, yaani biti 48 za mwanzo, makundi matatu, zimeshapangwa. Kwa mfano tutumie 2001:db8:40::/48.

NEEMA: Kundi la nne ni lako, tarakimu nne. Ya kwanza iwe tawi, ya pili jengo, mbili za mwisho VLAN, yaani mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao. Mwanza ni 1, Sengerema 2. Basi 2001:db8:40:2120::/64 unaisoma moja kwa moja: Sengerema, jengo la kwanza, VLAN 20. Na sheria moja ya faiwoli, 2001:db8:40:2000::/52, inabeba Sengerema nzima.

MASANJA: Mtu akikata /50?

NEEMA: Amekata katikati ya tarakimu. Tawi moja linashika 0 mpaka 3, jingine 4 mpaka 7, na saa nane usiku mtu anatafuta kikokotoo. Kata kwenye 52, 56, 60. Hata DNS ya kinyume, ile ya kutafuta jina kutokana na anwani, ip6.arpa, inagawanywa tarakimu kwa tarakimu. Ukikata /50 utaunda kanda nne pale ambapo moja ingetosha.

MASANJA: Na ile VLAN 20, kwa heksa si 14?

NEEMA: Ni 14, na hapo ndipo mafundi wawili hukosana. Mmoja kaandika 2120 kwenye ruta, mwingine kaigeuza, karuhusu 2114 kwenye faiwoli. Kompyuta zinapata anwani vizuri kabisa, ila hazitoki nje. Mimi naandika 20 ilivyo, bila kugeuza. VLAN ikizidi 99, tumieni tarakimu tatu kwa VLAN, jengo liondoke. Chochote mtakachoamua, kiandikwe juu kabisa ya jedwali la anwani kabla ya ruta ya kwanza kuwashwa.