Gobe

Walimu wa awali, wazazi, wakubwa zangu shikamooni.

Sikuja na slaidi. Nimekuja na neno moja, ngoja niliandike ubaoni kwa herufi kubwa: GOBE. Aliyeliandika ana miaka mitano, na juu yake amechora mnyama mwenye pembe na kiwele. Naam, mama pale nyuma kapata: ng'ombe. Mwalimu wake alilikosesha kwa wino mwekundu. Mimi ningempa vema, tena kubwa.

Litazameni. Silabi mbili zipo, irabu zote zipo, kila moja mahali pake. Kilichopotea ni sauti za puani tu. Semeni "mb" polepole: midomo inafumba mara ngapi? Mara moja! Mtoto kaandika alichokisikia mdomoni mwake. Mwaka 1971 Mmarekani Charles Read alionyesha kuwa watoto wasioenda shule bado, wanaojiandikia Kiingereza kwa kubuni, nao huiangusha m au n iliyotangulia konsonanti. Kwa hiyo si uvivu, wala si "watoto wa siku hizi".

Sasa, tutajuaje mapema nani atasumbuka na imla? Kule Oxford, Lynette Bradley na Peter Bryant waliwapima watoto 403 wa miaka minne na mitano, wasiojua kusoma. Mtoto anatajiwa maneno machache, achague lisilofanana sauti na wenzake. Matokeo waliyatoa mwaka 1983: waliokuwa na sikio jepesi utotoni ndio walioongoza baadaye katika kusoma na tahajia, hata akili ya jumla ilipowekwa kando. Kisha wakawachukua 65 waliokuwa dhaifu. Katika makundi yao, waliofundishwa sauti huku wakishika herufi za plastiki ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye tahajia. Hizo herufi mzikumbuke, nitazirudia.

Mtu ataniambia Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, shida iko wapi? Katie Alcock na Damaris Ngorosho waliandika mwaka 2003 kwamba hata kwetu tahajia si kazi ndogo, na makosa ya watoto yana mpangilio wake. Anayesema "kurara" nyumbani ataandika "kurara". Angeandika nini kingine?

Kipimo cha bure tunacho: kinyume. Watoto wa pwani hutoa silabi ya mwisho wakaitanguliza. Ficha inakuwa chafi, nyumba inakuwa mbanyu. Mtoto anayecheza kinyume tayari anakata silabi kichwani, bila daftari. (Sisi tulikatazwa, eti lugha ya wahuni.) Lakini mmeona? Katika mbanyu, mb imehama nzima nzima. Mchezo haukuipasua. Hapo ndipo herufi zinapohitajika, na si lazima za plastiki: andika m kwenye kizibo kimoja cha soda, b kwenye kingine, mtoto avisogeze kwa kidole huku akitamka.

Asipoisikia bado hiyo m, msimgombeze. Mwambieni abane pua. Hebu nasi tujaribu, wote, hata mheshimiwa wa mbele. Baneni pua kabisa. Semeni ng'ombe.

Mmesikia mlichosema?