Pumba Kwenye Boksi: Mhadhara Kuhusu All-Bran

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nitazungumzia All-Bran, nafaka ya asubuhi ambayo kampuni ya Kellogg ilianza kuiuza mwaka 1916 huko Battle Creek, Michigan, nchini Marekani. Kwa sehemu kubwa ni pumba za ngano zilizopikwa na kuokwa zikawa vijiti vifupi. Pumba sisi tunawapa kuku na ng'ombe, na wasagaji wa Marekani nao walizoea kuziuza kama chakula cha mifugo. Basi ni maneno gani yaliyomfanya mtu azinunue ili ale yeye mwenyewe?

Maneno ya kwanza yalitoka kwa daktari. John Harvey Kellogg aliongoza sanatoriamu (hospitali ya tiba na mapumziko) ya Battle Creek, iliyoanzishwa na Waadventista Wasabato, na aliamini kwamba maradhi mengi huanzia kwenye utumbo uliolala. Wagonjwa wake hawakupewa nyama. Walipewa nafaka, karanga na pumba. Mfanyabiashara hasa alikuwa mdogo wake, Will Keith, aliyefungua kampuni yake mwaka 1906. Ndugu hao wa tumbo moja walishitakiana kwa miaka kuhusu nani ana haki ya kuweka jina la ukoo kwenye vyakula, na Will akashinda mwaka 1920.

Matangazo ya miaka ile hayakuona haya. Choo kimefunga? Kula vijiko viwili kila siku, na ukiwa umesumbuka muda mrefu, kula katika kila mlo. Lakini ukiuza chakula kama dawa, mteja akipona anaweza kukuacha.

Sasa nije kwenye sehemu inayonigusa zaidi, kwa sababu ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Hapo walifanya kazi tabibu Hugh Trowell na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Wote wawili waliona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wakachapisha vipimo. Watu walimezeshwa vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha choo chao kikakusanywa na kupimwa uzito. Kwa wanavijiji wa Uganda, safari ya tumboni ilichukua takriban saa 36, na choo kilikuwa gramu 470 kwa siku. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza ilikuwa saa 83 na gramu 104. Burkitt aliona kwamba sababu ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea isiyomeng'enywa tumboni, ambayo pumba zinayo kwa wingi.

Naomba tuwakumbuke wanavijiji hao kwa heshima. Ushahidi ulitoka miilini mwao, na hakuna boksi lililowataja. Tena chakula chao hakikuwa pumba. Kilikuwa matoke, viazi vitamu, maharage, ulezi na mboga, huku sukari na mafuta vikiwa haba.

Oktoba 1984 Kellogg ilishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Boksi la All-Bran likabeba ujumbe wa taasisi hiyo: ulaji wenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo huenda ukapunguza hatari ya baadhi ya saratani. Balaa likazuka! Kwa sheria ya wakati ule, bidhaa inayodai kuzuia ugonjwa huhesabiwa kuwa dawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ikapinga, Tume ya Biashara ikatetea. Mauzo yakapanda, kampuni shindani nazo zikaanza kutangaza nyuzinyuzi, na mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria mpya ya lebo za vyakula.

Mimi silioni tangazo lile kuwa uongo. Shida yake ni kwamba sentensi ilizungumzia ulaji mzima, ilhali boksi liliuza sehemu moja tu ya punje. Matokeo yake tuliyaona mwaka 2000, jaribio lililofanyika Arizona, Marekani, lilipochapishwa. Watu zaidi ya 1,400 waliokwishatolewa vivimbe kwenye utumbo, vile vinavyoweza kugeuka saratani, waligawanywa: baadhi walipewa pumba za ngano kwa wingi, wengine kidogo. Baada ya takriban miaka mitatu, vivimbe vilikuwa vimerudi kwa kiwango kinachokaribiana. Wapo waliosema Burkitt amekosea. Sikubaliani nao, kwani alichokiona Uganda ni sahani nzima, nacho hakikujaribiwa Arizona. Mwaka 2003 utafiti wa nchi 10 za Ulaya, uliofuatilia watu zaidi ya nusu milioni, ulionyesha kwamba waliopata nyuzinyuzi nyingi kutoka vyakula mbalimbali waliugua saratani ya utumbo mpana mara chache zaidi.

Na boksi lenyewe leo linaruhusiwa kusema nini? Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2012 inamruhusu mtengenezaji kuandika kwamba nyuzinyuzi za pumba za ngano huongeza wingi wa choo na huharakisha mwendo wa chakula tumboni. Madai hayo hayagusi saratani kabisa. Na anayeandika kuhusu mwendo huo ni lazima amweleze mlaji kwamba faida hupatikana kwa kula angalau gramu 10 za nyuzinyuzi hizo kwa siku.