Breka Ipimwe kwa Pigo la Kwanza

Wanaonifahamu humu ukumbini wameshaanza kutabasamu, wanajua nitaanzia wapi. Naanzia palepale.

Breka ya msongo wa kilovolti 220, ile swichi kubwa ya kukata umeme wa laini kukiwa na hitilafu, imekaa imefunga, yaani inapitisha umeme, miezi mingi, haijaguswa. Siku ya matengenezo opereta anaifungua, laini inatiwa ethi, ndipo fundi anashusha mashine ya kupimia kutoka kwenye gari. Anafunga, anafungua, anarudia tena. Majibu safi, anasaini. Jamani! Ushahidi uliondoka na lile pigo la kwanza la opereta kufungua, wakati mashine iko bado kwenye boksi.

Hitilafu haibishi hodi. Relei, kifaa kinachoigundua, ikiamuru, lachi, yaani kizuizi kinachoshikilia springi ya breka, iachie papo hapo. Na hapa kwetu Dodoma, kwa kiangazi hiki na vumbi hili, grisi isiyosogezwa inakauka na kuganda kwenye lachi. Pigo la kwanza linachelewa. La pili grisi imeshalegea, breka inaonekana kama imetoka kiwandani jana.

Namwona mtu kule nyuma anakunja uso: “Mhandisi, unatupeleka kwenye umeme?” Sikupeleki kwenye kontakti kuu. Klampu, kipimo cha mkondo kinachozunguka waya bila kuukata, moja iko kabatini, kwenye waya wa koili ya kufungulia. Nyingine izungushe kwenye nyaya za sekondari za CT, ile transfoma inayopunguza mkondo wa laini ili upimike, ikuonyeshe mkondo wa laini unakatika lini. Izungushe tu, atakayefungua saketi ya CT yenye mzigo asinitaje kwenye maelezo yake polisi. Kisha opereta afungue breka kama ilivyopangwa.

Sasa soma mchoro. Mkondo wa koili unapanda, unabonyea pale kipini cha koili kinaposogea kuipiga lachi, unapanda tena, halafu kontakti saidizi, swichi ndogo inayofuata mwendo wa breka, inaukata. Bonde likichelewa, kipini kinasuasua. Bonde likija kwa wakati lakini mkondo ukachelewa kukatwa, kaangalie lachi na mtambo wa springi. Mkondo ukiwa mdogo tangu mwanzo, usiilaumu breka, kapime betri kwanza. Yote hayo kwa pigo moja! Na ile laini ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, ikapita hapa na Singida kwenda Shinyanga, nani atakupa kibali cha kuizima kila ukijisikia?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Fezi tatu: kwa gridi yetu ya hezi 50, viwango vya kimataifa vya IEC vinataka tofauti ya muda kati ya fezi wakati wa kufungua isizidi milisekunde 3.3, ya kufunga 5. Ukinzani wa kontakti haupimwi kwa multimita ya mfukoni. Tumia ampea 100 za DC au zaidi, usome mikro-omu. Gesi ya SF6, inayozima cheche ndani ya breka, ipimwe unyevu na usafi, na msiiachie hewani: kwa uzito uleule inapasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dayoksaidi.

Breka za vakumu sizigusi leo. Kama mna maswali, yaanze na yale ya klampu.